Neno Moja Kwetu, Matatu Kwao: Mwongozo wa Kutenganisha Maneno ya Kiingereza Yanayofanana

Mgeni akishuka garini hapa Bagamoyo na kumwambia muuzaji anataka "coconut", muuzaji hana budi kuuliza: dafu au nazi? Kwetu hivyo ni vitu viwili. Dafu unakatiwa, unakunywa maji yake, kisha unakwangua nyama yake laini. Nazi unaivunja, unaikuna kwa mbuzi, unakamua tui. Katikati yake kuna koroma, kabla ya dafu kuna kidaka na kitale, na mwisho kabisa kuna mbata. Mwingereza analo neno moja, na akibanwa huongeza sifa mbele yake. Kwao minazi haioti, kwa hiyo lugha yao haikuona haja ya kugawa.

Ninaanza na dafu kwa sababu vijana wanaotembeza wageni hapa mjini, ambao huwa ninawafundisha Kiingereza jioni barazani, karibu wote huja wakiamini kwamba "see", "look" na "watch" yanawashinda kwa kuwa vichwa vyao vizito. Hapana. Mtu anayetenganisha mpunga, mchele na wali bila hata kufikiri, anayejua kwamba nguo tunafua, vyombo tunaosha, mikono tunanawa na mwili tunaoga, uwezo anao tayari. Mwingereza kwa hayo yote manne anaweza kusema "wash" na akaeleweka. Kazi iliyobaki ni kujua wao wamegawa wapi ambapo sisi hatukugawa.

Hatua ya kwanza: uliza Kiingereza kinataka kujua nini

Wengi wakikutana na maneno mawili yanayofanana hukimbilia kamusi, wanakuta yote mawili yametafsiriwa kwa neno lilelile, wanafunga kamusi wakiwa palepale. Badala ya kuuliza "neno hili maana yake nini?", jiulize: Kiingereza kinataka nitaje jambo gani ambalo kwa Kiswahili sikuhitaji kulitaja?

Chukua mguu. Kiswahili kinatosheka na mguu kuanzia nyongani hadi kidoleni. Kiingereza kinauliza: juu ya kifundo au chini yake? Juu ni "leg", chini ni "foot". Mkono nao vivyo hivyo: bega hadi kifundo cha mkono ni "arm", kiganja na vidole vyake ni "hand". Kidole kinaulizwa ni cha wapi: cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe", na gumba la mkono lina jina lake peke yake, "thumb".

Si jambo dogo. Kijana mmoja niliyemfundisha alimpeleka mama mmoja mgeni baharini kwa ngalawa. Wakati wa kushuka, mama akakanyaga kitu chenye miiba. Kijana akapiga simu alikofikia mgeni: "She has a very bad leg." Waliopokea simu wakaelewa mfupa umevunjika. Wakatafuta gari, wakatandika godoro nyuma, wakaanza kuulizia hospitali. Baada ya nusu saa mama akaingia anachechemea, amemshika kijana begani, ana miiba minne kwenye unyayo. Yule kijana hakukosea sarufi hata kidogo. Alikosa swali la kifundo tu.

Sasa turudi kwa macho. Kiingereza kinauliza mawili: je, uliyapeleka macho kwa kukusudia? Na kile unachokitazama, kinaendelea kutokea? Kama kitu kimekuja chenyewe machoni, ni "see". Kama umeelekeza macho, ni "look". Kama umekaa kufuatilia jambo linalosogea au linalobadilika, ni "watch". Ukiwa ufukweni na mgeni utasema: "Can you see that boat?", maana huna hakika kama imefika machoni pake. Ukisimama mbele ya mlango wa nakshi katika mji mkongwe utasema: "Look at this door." Na wavuvi wakianza kuvuta nyavu: "Let's watch them for a few minutes." Masikio yanafuata njia hiyohiyo: sauti ikikujia ni "hear", ukiitegea sikio ni "listen".

Hatua ya pili: sikiliza mkia wa kitenzi chako

Hapa ndipo ningependa ukae sana, kwa sababu msaada upo ndani ya Kiswahili chenyewe na watu wengi hawauoni.

Sisi tukitaka kubadilisha nani anafanya na nani anafanyiwa, mara nyingi tunabadilisha mkia wa kitenzi. Kumbuka, kumbusha. Kopa, kopesha. Ona, onyesha. Mzizi ni uleule. Kiingereza mara nyingi hakina mkia wa namna hiyo, kwa hiyo kinaleta neno jingine kabisa. "Remember" ni kukumbuka, "remind" ni kukumbusha. Anayesema "Please remember me to call the driver" amesahau kwamba kwa Kiswahili asingesema "nikumbuke kumpigia dereva". Angesema "nikumbushe". Ukisikia mkia wa -sha, -za au -fya kichwani mwako, simama, tafuta neno la pili.

Kula ni "eat", kulisha ni "feed". Kuogopa ni "fear", kuogofya ni "frighten". Kuinuka ni "rise", kuinua ni "raise": jua "rises", bendera mtu "raises". Kujifunza ni "learn", kufundisha ni "teach", na yule anayesema "he learned me English" angejisahihisha mara moja kama angejiuliza Kiswahili chake kingesemaje.

Mkia huohuo unamaliza kosa ninalolisikia kuliko yote. Kijana anasimama mbele ya wageni baada ya saa tatu za jua, anawaonea huruma, anauliza: "Are you boring?" Amewauliza kama wao ni watu wa kuchosha. Weka vitenzi vyetu pembeni: kuchoka na kuchosha, kushangaa na kushangaza, kufurahi na kufurahisha. Neno la Kiingereza lenye -ed mwishoni ni la yule aliyepatwa: "tired" amechoka, "surprised" ameshangaa, "bored" amechoshwa na jambo. Lenye -ing ni la kile kinachosababisha: "tiring" inachosha, "surprising" inashangaza, "boring" inachosha kwa kukosa mvuto. Kwa hiyo mgeni ni "interested", magofu ni "interesting". Tangu nianze kuwafundisha kwa njia ya choka na chosha, sijalazimika kurudia somo hili zaidi ya mara mbili.

Kuna mahali mkia wetu unatutupa mkono. Kuazima. Kwa fedha tunatenganisha vizuri, kukopa na kukopesha. Kwa vitu tunasema "nimeazima baiskeli kwake" na pia "niazime baiskeli yako", kitenzi kimoja, na muktadha unaamua. Kiingereza kinataka ujue kitu kinaelekea wapi. Kikija kwako, wewe "borrow". Kikitoka kwako, wewe "lend". "Can I borrow your pen?" na "Can you lend me your pen?" ni ombi lilelile, limegeuzwa upande tu. Pakiwa na malipo, achana na yote mawili: kukodi baiskeli kwa siku ni "hire" au "rent", na kupanga chumba cha kuishi ni "rent".

Na kuiba. Sisi tunaiba kitu, tunamwibia mtu. Kiingereza kina "steal" kwa kitu na "rob" kwa mtu au mahali. "They stole me" maana yake walinichukua mimi mzimamzima. Ongeza hili: "rob" hubeba harufu ya nguvu au vitisho. Simu ikichomolewa mfukoni kimyakimya, sema "My phone was stolen". Ukimwambia polisi au ubalozi "I was robbed", watauliza kama ulipigwa.

Hatua ya tatu: angalia neno linataka kukaa na nani

Maneno mawili yanaweza kukaribiana maana lakini yakakataa jirani mmoja. Hapa hakuna falsafa, ni kuzoea, kwa hiyo nitapita haraka.

"Say" na "tell" ni kama kusema na kuambia. Huwezi kutamka -ambia bila kumtaja anayeambiwa: aliniambia, nilimwambia. "Tell" nayo kwa kawaida inamdai huyo mtu: "He told me." "Say" haimpokei moja kwa moja, ndiyo maana "he said me" inakwaruza sikio. "Speak" shika na lugha, "talk" shika na mazungumzo. "Look" inataka "at", "listen" inataka "to". "Discuss" na "enter" hazitaki neno jingine katikati: "discuss the price", "enter the church". "House" ni jengo, "home" ni kwako, na "home" huendewa bila "to", kama vile nyumbani isivyohitaji kwa: "go home".

"Until" na "by" zinastahili dakika moja, kwa sababu zinagombanisha watu na wageni wao. Zote mbili zinaweza kutafsiriwa kwa hadi au mpaka. "Until ten" ni jambo linaloendelea mpaka saa nne: "You can stay until ten." "By ten" ni jambo linalotakiwa liwe limekwisha saa nne isije ikazidi: "Please leave the room by ten." Na usisahau kugeuza saa. Saa nne yetu ni "ten o'clock" yao.

Hatua ya nne: tembea na maneno ya kazi yako

Maneno ya jumla utayapata popote. Yanayokulisha wewe lazima uyachambue mwenyewe, ukiwa mahali pake. Huwa nawachukua wanafunzi wangu mpaka Kaole, kilomita kama tano kusini mwa mji, tunasimama kwenye magofu ya msikiti ambao mwanzo wake ni karne ya 13, na tunataja kila kinachoonekana.

Kaburi. Mahali popote mtu alipozikwa ni "grave". Kaburi lililojengewa, lenye kuta au nguzo kama yale ya Kaole, ni "tomb". Eneo lote la makaburi ni "cemetery", na likiwa ubavuni mwa kanisa mara nyingi huitwa "graveyard". Magofu ni "ruins", kwa wingi. Ukilitumia kama kitenzi, "ruin" ni kuharibu, kwa hiyo "the ruined mosque" ni msikiti uliobomoka, wala hujamlaumu mtu.

Mnara. Neno hili moja linawapa vijana tabu kuliko yote, na Bagamoyo ni mji wa minara. Mnara wa msikiti ni "minaret". Mnara wa kanisa ni "tower". Mnara wa kuongozea meli ni "lighthouse". Mnara uliosimamishwa kwa ajili ya kumbukumbu ni "monument", na ukiwa hasa wa kuwakumbuka waliokufa ni "memorial". Ile inayosimama kwenye makaburi ya Kaole ni "pillar". Mnara wa simu ni "mast", ingawa "tower" pia husemwa.

Historia. "History" ni elimu ya yaliyopita. "Story" ni masimulizi, ya kweli au ya kubuni. "Legend" ni masimulizi yaliyopokewa kwa vizazi yasiyoweza kuthibitishwa. Kwamba wamisionari wa Kikatoliki walianzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868 ni "history". Kwamba ukiuzunguka mbuyu wa Kaole unaongeza umri ni "legend", na mgeni ana haki ya kujua ni kipi unachompa. Halafu tenganisha "historic" na "historical". La kwanza ni la jambo au mahali palipoacha alama: "a historic town". La pili ni la chochote kinachohusu mambo ya kale, kiwe kikubwa au kidogo: "historical records". Wajerumani kuyahamisha makao makuu yao kutoka hapa kwenda Dar es Salaam mwaka 1891 ni "historic" kwa mji huu. Daftari la karani wa wakati ule ni "historical" tu.

Mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, ulifika hapa Februari 1874, umebebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka bara, ukalazwa misheni kabla ya kuvushwa Zanzibar. Hapo utahitaji neno. Sisi tunao mwili, maiti na mzoga, na hatuchanganyi. Kiingereza nacho kina "body", "corpse" na "carcass", na heshima zake zinakaribiana sana na zetu. "Body" ni la staha, tumia hilo. "Corpse" ni kavu. "Carcass" ni la mnyama. Wala usiseme "the late Livingstone", kwa sababu "late" huwekwa kwa marehemu ambaye kifo chake bado kiko karibu na walio hai. Kwa aliyefariki mwaka 1873, jina linatosha.

Pwani. "Coast" ni ukanda mzima kama unavyoonekana kwenye ramani. "Shore" ni pale maji yanapokutana na nchi kavu. "Beach" ni mchanga wenyewe au changarawe unapotembea. Kando ya mto Ruvu, neno ni "bank". Vyombo vya baharini ni eneo ambalo sisi tumegawa zaidi: jahazi, mashua na dau wao wote huita "dhow". Usihangaike kutafuta maneno matatu ambayo hayapo. Mfundishe mgeni majina yetu, na ngalawa umweleze ni "outrigger canoe".

Safari nimeiweka mwisho kwa makusudi. Kiingereza kimelichukua neno letu, nasi tulilipata kwa Waarabu, lakini njiani limesinyaa: kwao "safari" ni kwenda kutazama wanyama. Ukimwambia mgeni "our safari to Kaole starts at nine", atabeba darubini. Safari fupi ya kwenda na kurudi ni "trip". Mwendo mrefu wenyewe, kama wa misafara iliyotoka Ujiji, ni "journey". Safari ndefu ya baharini ni "voyage". "Travel" ni kitenzi, au jambo la kusafiri kwa jumla, haihesabiki, hivyo "a travel" haipo. Siku ukimpeleka hifadhi ya wanyama ya Saadani, hapo sema "safari" kwa raha zako.

Hatua ya tano: yatenge maneno yanayoumiza

Makosa mengi mgeni anayasamehe. Machache yanabaki moyoni.

Siku moja ngoma ilichezwa uwanjani, watu wametoa jasho, ngozi za ngoma zimepashwa moto mara mbili. Mwanafunzi wangu akamgeukia mama mmoja aliyekuwa ametulia kwa heshima na kumuuliza kwa uso mkunjufu: "Very funny, yes?" Yule mama akatazama wachezaji, akamtazama kijana, akajibu taratibu kwamba hakuwa akiwacheka. Kijana alitaka kusema "fun", yaani inafurahisha. "Funny" ni inachekesha, au ina walakini: samaki "smells funny" ni samaki wa kutupwa. Niliumia kwa ajili yao wote wawili.

"Cheap" ni bei ndogo, lakini pia ni duni. Nguo yako uliyoitengeneza kwa mkono usiiite "cheap", sema "a good price". Tena bei yenyewe haiwi "expensive": kitu ni "expensive", bei ni "high". "My father is late" ni baba amechelewa. "My late father" ni marehemu baba. Mzee kwetu ni heshima, "old man" kwao ni kumvunjia mtu hadhi, kwa hiyo mwite "sir". Umenenepa, tunayoisema kwa mapenzi, usiitafsiri kabisa.

Pole haina mwenzake. Mgeni akijikwaa ukasema "sorry", huenda akashangaa wewe umefanya nini. Muulize "Are you all right?" Aliyefiwa mwambie "I'm so sorry", hapo inakubalika. Ukitaka kupita katikati ya watu ni "excuse me". Na "good night" ni ya kuagana, kwa hiyo mgeni akiwasili saa mbili usiku mpokee kwa "good evening".

Hatua ya sita: uliza Kiingereza cha nani

"First floor" kwa Mwingereza ni ghorofa ya juu ya ile ya chini. Kwa Mmarekani ni ile ya chini yenyewe. "Pants" Uingereza ni nguo ya ndani, Marekani ni suruali. "Chips" Uingereza ni kama chipsi zetu za moto, Marekani ni zile kavu za pakiti. Shule zetu zimefuata Uingereza, kwa hiyo shika hiyo, ila ukishajua mgeni ametoka wapi, mwonyeshe chumba kwa kidole pia.

Hatua ya saba: daftari

Nunua daftari la kurasa arobaini. Kila ukurasa uwe wa neno moja la Kiswahili, si la Kiingereza. Andika juu: kuazima. Chini yake andika swali la Kiingereza: kinakuja au kinatoka? Kisha sentensi mbili, moja kwa kila neno, na lazima ziwe za kazi yako ya wiki hiyo, zenye vitu ulivyovishika: "I borrowed a torch from the guard." "I lent my umbrella to a guest." Sentensi za vitabuni zinasahaulika kabla ya chakula cha usiku.

Acha nusu ya ukurasa wazi. Huko ndiko utakakoandika kosa siku litakapokutoka, pamoja na tarehe na uso wa mgeni ulivyokuwa. Usiongeze zaidi ya kurasa tatu kwa wiki. Jumamosi, kaa na mwenzako, yeye asome swali, wewe utoe sentensi kwa sauti, halafu mbadilishane. Ukurasa ambao umeujibu sawasawa Jumamosi nne mfululizo, ukunje pembe, uendelee na mwingine.